Kazi Iliyo Chini ya Rangi

Gari limekwisha. Injini inaitika mara moja ufunguo unapozungushwa, breki zinashika, usukani hauvuti upande, na mwenyewe ameshalizungusha mtaani huku watoto wa jirani wakilikimbilia. Bodi tu ndiyo bado ina rangi butu iliyotoka nayo kiwandani, na juu ya madigadi kuna mistari ya mshono inayoonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo mwenye gari anapochukua spana na kuanza kulifungua upya: taa, vioo, milango, kioo cha mbele, mabomba ya ekzosi, mpaka bodi nzima inyanyuliwe na marafiki kadhaa na kuwekwa kando.

Mpita njia atadhani kuna kilichoharibika, kumbe hakuna. Hii ndiyo kawaida ya watu wanaojijengea magari ya michezo majumbani kutokana na vipande walivyonunua, hasa Marekani na Uingereza. Kwanza unajenga gari zima, unaliendesha, unarekebisha kila kinacholia na kinachovuja, kisha unalivua nguo zote kwa ajili ya bodi na rangi. Kwangu mimi, hatua hii ya pili ndiyo yenye ufundi mkubwa kuliko zote, na ndiyo isiyopata sifa yake. Injini nzuri inauzwa dukani. Giaboksi inauzwa. Uso ulionyooka wa bodi iliyojengwa nyumbani hauuzwi popote. Hupatikana kwa msasa na kwa mtu aliye tayari kusimama mbele ya mlango mmoja jioni nzima.

Tuchukue gari linalojengwa zaidi kwa njia hii, Cobra. Mwaka 1962 Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyekuwa ameshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1959, alichukua gari dogo la Kiingereza liitwalo AC Ace, lililotengenezwa na AC Cars huko Thames Ditton, na kulitia injini ya Ford ya V8. Bodi zilikuwa za alumini, zimepigwa kwa mikono ya mafundi wa Uingereza, nazo zilivushwa bahari bila injini. Gari la kwanza kabisa, lenye namba CSX2000, lilikuwa bado peke yake pale Shelby alipotaka waandishi wa habari waamini kwamba magari yanatoka kwa wingi. Akawa analipiga rangi nyingine kila linapokwenda kujaribiwa na gazeti jingine, na wasomaji wakaona magari mengi mahali palipokuwa na moja tu. Mwaka 2016 gari hilohilo liliuzwa mnadani Monterey, California, kwa dola milioni 13.75.

Kwa bei za namna hiyo, na kwa kuwa Cobra zote za miaka hiyo zilikuwa takriban elfu moja, anayeitamani ana njia moja ya kweli: kujijengea nakala. Kampuni ya Factory Five Racing ya Wareham, jimboni Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995, humuuzia mteja chesisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba na marundo ya masanduku yenye vipande. Injini, giaboksi na ekseli mnunuzi hujitafutia, na kwa miaka mingi chanzo kikubwa kimekuwa Ford Mustang iliyochakaa. Waingereza walikuwa wameizoea biashara hii zamani. Lotus Seven ya mwaka 1957 iliuzwa kwa vipande kwa sababu gari la vipande lilikwepa kodi iliyotozwa gari zima, na tangu mwaka 1973 kampuni ya Caterham imeliendeleza gari hilo.

Cobra inayonakiliwa zaidi ni ile ya 427 iliyotoka mwaka 1965, yenye madigadi yaliyovimba mbele na nyuma kama misuli. Umbo hilo ndilo linalompa fundi kazi, maana halina sehemu hata moja iliyo bapa. Mwanga ukiligonga, huteleza kutoka taa ya mbele hadi buti bila kukatika, na penye kasoro ndogo mwanga huo huyumba. Ubavu uliopinda hausamehe, na jicho la mtu asiyejua lolote kuhusu magari litaona kwamba hapa pana jambo, hata asipoweza kusema ni jambo gani.

Faiba si ngeni kwetu. Boti za faiba zimejaa pwani yote. Ila wengi wetu tunaijua ikiwa imekwisha kutengenezwa. Bodi ya faiba hujengwa kutoka nje kwenda ndani. Kalibu hupakwa nta ili kazi isigande humo, kisha hupuliziwa jelkoti, tabaka la resini yenye rangi ambalo ndilo litakalokuwa uso wa gari. Nyuma yake hulazwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, tabaka juu ya tabaka. Resini ikishikana, bodi hutolewa. Hapo pana ugumu: umbo la Cobra hujikunja kwa chini, likaingia ndani chini ya pua na pembeni mwa madigadi. Jaza kitu kigumu kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, nacho hakitoki mpaka uvunje mtungi. Kwa hiyo kalibu hutengenezwa vipande vipande vinavyofungwa kwa bolti na kufunguliwa, na kila vipande viwili vinapokutana huacha mstari kwenye bodi.

Mistari hiyo ndiyo adui wa kwanza, na anayeikwangua tu ikalingana na uso amejidanganya. Juu ya mstari mara nyingi jelkoti ni nene na nyuzi hazikufika vizuri, kwa hiyo chini yake kuna udhaifu. Fundi mwenye subira huuchimba mstari mzima kwa grainda au msasa mkali, akatengeneza mfereji mpana wenye kingo zinazoteremka taratibu, kisha akaujaza kwa puti yenye nyuzi za kioo ndani yake. Puti laini ya kawaida huja juu mwishoni, na kidogo tu. Asiyeuchimba mstari huuona tena. Atapiga praima, atapiga rangi, atasifiwa na majirani, halafu kiangazi kitakuja, jua litaipasha bodi moto, na mstari utachungulia kupitia kwenye rangi pale pale ulipokuwa. Rangi nyeusi huuonyesha mapema zaidi kwa sababu hunyonya joto na kuakisi kila kitu.

Hata kabla ya kuchimba kuna kazi ya kuosha, nayo ina utaratibu wake. Ile nta ya kalibu bado imebaki kwenye uso wa bodi. Ukianza na msasa, unaisukuma nta iingie kwenye mikwaruzo, na rangi haishiki juu ya nta. Kwa hiyo bodi huoshwa kwa maji na sabuni, ikakaushwa, kisha ikapanguswa kwa dawa ya kuondoa mafuta kwa vitambaa viwili: kimoja kilicholowa cha kuyeyusha, kingine kikavu cha kuufuta ule uchafu ungali majimaji. Ukiuacha ukauke wenyewe, umeuhamisha tu kutoka hapa kwenda pale.

Resini nayo ina saa yake. Siku inapotoka kwenye kalibu huwa ngumu ukiigusa, lakini ndani inaendelea kukomaa na kusinyaa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wajenzi wenye uzoefu huendesha gari likiwa na jelkoti tupu kwa msimu mzima. Wanalisimamisha juani, joto linamaliza kazi yake, mitetemo ya barabara inaonyesha penye udhaifu, na kitu kitakachopasuka hupasuka sasa, wakati kukitengeneza ni rahisi. Kuna wanaokaa miaka kadhaa na gari la rangi butu, nao hawaoni aibu.

Inafuata kazi ninayoihusudu kuliko zote, ya kulinganisha milango, boneti na buti. Mtu wa haraka ataning'iniza mlango, ataona unafunga, ataendelea. Fundi huanza na mpira wa mlango. Mpira huo unaozuia maji huusukuma mlango kwa nje, na asiyeufunga kabla ya kupima atapata mlango uliolingana sawasawa leo, kisha rangi ikikauka na mpira ukarudishwa, mlango unatokeza. Vivyo hivyo vitasa lazima viwe mahali pake na bawaba zikazwe. Bodi ifungwe kwenye chesisi kwa bolti zote, na gari lisimame kwa magurudumu yake juu ya sakafu. Faiba hupinda. Bodi iliyowekwa juu ya stendi ina umbo moja, na bodi hiyohiyo ikibebwa na chesisi ina jingine. Tofauti ya milimita mbili inatosha kuharibu kila kitu.

Mwanya kati ya mlango na bodi wajenzi wengi huutaka uwe milimita 5 hivi. Hupimwa kwa kipande cha plastiki au kijiti chenye unene huo, kinachotelezeshwa kuzunguka mlango mzima bila kukwama na bila kulegea. Upana wenyewe si jambo kubwa sana. Macho huvumilia mwanya mpana. Yasichovumilia ni mwanya unaoanza mwembamba juu na kuishia mpana chini. Palipobana hupunguzwa kwa msasa. Palipoachana huongezwa nyama: ukingo wa bodi upande wa pili hubandikwa tepu isiyoshika puti, ukingo wa mlango hupakwa resini yenye nyuzi au puti ngumu, mlango hufungwa, na ziada hukatwa na kusuguliwa mpaka kile kijiti kipite. Tena ni lazima kukumbuka ambacho bado hakipo. Praima, rangi na klia, yaani tabaka angavu la juu, zitaongeza unene kwenye kingo zote mbili zinazotazamana, na mwanya uliokuwa sawa kabla ya rangi unaweza kugusana baada yake, nao mlango uking'oa rangi mara ya kwanza tu unapofunguliwa, hasira yake si ndogo.

Baada ya mwanya unakuja usawa. Funga macho, pitisha kiganja kutoka kwenye digadi kwenda mlangoni. Kiganja kisihisi ngazi. Milango ya nakala za Cobra ina tabia ya kutokeza kwenye kona ya nyuma, na fundi hukabiliana nayo kwa kurekebisha bawaba, kwa kuupasha mlango joto na kuupinda kidogo, au kwa kuinua uso wa bodi unaopakana nao ili viende sambamba. Kila suluhisho hugusa jingine. Ukisogeza mlango nyuma kidogo, mwanya wa mbele unafunguka. Ukiinua bawaba ya juu, kona ya chini inahama. Kazi hii haina njia ya mkato, na anayeifanya vizuri huiacha akaenda kulala, akarudi kesho kuitazama kwa macho mapya.

Halafu matundu. Kila kitakachopita kwenye bodi kitobolewe kabla ya rangi: taa, miguu ya kioo cha mbele, kifuniko cha tangi la mafuta, chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka, vioo vya pembeni, beji, na mabomba ya ekzosi yanayotoka ubavuni. Jelkoti ni ngumu na huvunjika upesi, kwa hiyo mahali pa kutoboa hubandikwa tepu ya karatasi, na drili huzungushwa kinyumenyume kwanza mpaka ncha ilikwangue tabaka la juu, ndipo igeuzwe kukata. Tundu halibani bolti. Chesisi ikitetema, bolti iliyobanwa na faiba huanzisha ufa mwembamba unaosambaa, kwa hiyo tundu hupewa nafasi kidogo, na kingo zake hulainishwa. Penye ekzosi nafasi huwa kubwa zaidi, kwa kuwa bomba la moto linatikisika na halitakiwi kuigusa faiba kamwe. Kisha kila kitu hufungwa, hutazamwa, na hufunguliwa tena. Yaani gari huvishwa mapambo yake yote kwa ajili ya kuhakikisha tu kwamba yatavalika.

Katika kufungua, mjenzi mzuri anajulikana kwa mifuko ya plastiki. Kila kundi la bolti linaingia kwenye mfuko wake, juu kumeandikwa kwa kalamu: bawaba ya juu kushoto, taa ya mbele kulia, washa mbili nyuma. Picha zinapigwa kabla ya kila nati kulegezwa, kwa sababu baada ya miezi kadhaa bolti zinazofanana kwa kichwa zitakuwa na urefu tofauti na hakuna atakayekumbuka ipi ni ya wapi. Bodi nayo hupumzishwa juu ya toroli ya mbao iliyochongwa kufuata umbo lake la ndani ili isipinde, ikawa inasukumwa nje juani na kurudishwa ndani.

Sasa ndipo msasa wenyewe unapoanza. Puti huchanganywa kwa kukandamizwa ubaoni, bila kuivuruga kama uji, maana hewa ikiingia inakuwa vitundu vidogo vitakavyoonekana baadaye. Hadena hupimwa. Ikizidi, puti huganda kabla hujaitandaza, na kemikali iliyobaki inaweza kupanda na kuacha madoa kwenye rangi. Puti ikishakuwa ngumu hunyooshwa kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye ubao mrefu unaopinda kidogo kufuata umbo. Vidole havitumiki kamwe, kwani kila kidole huchimba mfereji wake, na mifereji hiyo haionekani mpaka siku ya klia. Ubao hupelekwa kwa mshazari, mara kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, mara kinyume chake, ili mikwaruzo ikatane na pasiwe na upande unaoliwa kuliko mwingine.

Juu ya puti huja praima nene ya kujaza, tabaka kadhaa. Juu ya praima hupuliziwa vumbi jepesi jeusi, au hupakwa unga mweusi, uitwao koti la mwongozo. Ni kitu cha bei ndogo kinachosema kweli kuliko mtu yeyote. Ubao ukipita, weusi huondoka penye mwinuko na hubaki penye bonde. Baada ya mapito machache bodi inakuwa ramani: hapa pamechimbika, hapa pamevimba, hapa pamekaa sawa. Fundi anayeanza huona bonde na kuendelea kusugua mpaka weusi uishe, akawa amechimba bonde kubwa zaidi. Fundi aliyekomaa hukoma pale mwinuko unapoanza kuonyesha jelkoti chini yake, akarudi kujaza bonde, akapiga praima upya, akatandaza weusi upya. Namba za msasa hupanda: 80, 180, 320, kisha 400 au 600 kwa maji. Kila namba ipo kwa ajili ya kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na anayeruka namba moja ataikuta mikwaruzo hiyo imejaa ndani ya rangi, imetulia, inamtazama.

Kati ya msasa na msasa kuna kiganja. Mafundi wengi huvaa glavu nyembamba au huweka kitambaa laini chini ya mkono, kwa sababu ngozi tupu hunata na kudanganyika; mkono unaoteleza huhisi wimbi ambalo jicho halijaliona. Huupitisha taratibu, mkono umelala wote, kwa mwelekeo wa urefu wa gari. Usiku huweka taa chini karibu na sakafu, mwanga ukapita kando ya bodi, na kila bonde likatupa kivuli. Wengine huilowesha praima kwa maji ili ing'ae kwa nusu dakika, wakapata kuona jinsi rangi itakavyosema baadaye.

Kwa bodi moja ya Cobra kazi hii humeza zaidi ya saa mia moja kwa urahisi, na waangalifu huenda mbali zaidi ya hapo. Ndiyo sababu gereji ya biashara hutoza fedha nyingi kwa bodi ya faiba, na ndiyo sababu mjenzi wa nyumbani, ambaye hana mteja anayemsubiri mlangoni, wakati mwingine hutoa uso ulionyooka kuliko wa gereji. Analo jambo moja ambalo fundi wa kulipwa hulipata kwa shida, nalo ni ruhusa ya kurudia.

Kuna mahali subira haisaidii pasipo vifaa. Vumbi la faiba na la puti huwasha ngozi na kuingia kifuani, na hadena ya rangi za kuchanganya ina aisosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani, ambacho tumekizoea kukiona kwenye gereji zetu, hakiizuii hata kidogo. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Wajenzi wengi wenye busara huishia kwenye praima iliyonyooshwa, wakalisukuma gari mpaka kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia, chenye feni na vichujio. Hawajapungukiwa na kitu. Wamemkabidhi gari ambalo neno lake la mwisho limeshaandikwa.

Kupuliza kwenyewe ni siku moja au mbili. Huanza na tabaka la kuziba, ikaja rangi, ikaja klia. Hata hapo matayarisho hujionyesha. Rangi yenye chembe za metali hubadilika kivuli kwa jinsi chembe zinavyolala, kwa hiyo milango na boneti hupuliziwa zikiwa zimekaa kwa mwelekeo uleule zitakaokaa kwenye gari. Mlango uliolazwa chali juu ya meza utakuja kuonekana wa gari jingine. Na wale wanaotaka Cobra ya buluu yenye mistari miwili mipana myeupe kutoka puani hadi mkiani hupimia mistari hiyo vifuniko vyote vikiwa mahali pake. Mstari ukivuka kutoka puani kwenda kwenye boneti, ukaruka sehemu ya kuketi, ukatua kwenye buti bila kuhama hata milimita, unajua kwamba mtu alipima mianya yake mapema na kwa haki. Mwishoni klia husuguliwa kwa msasa namba 1500, 2000 na 3000, kisha hung'arishwa kwa mashine, mpaka mawingu yaonekane ndani ya digadi.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Rangi ni pete. Watu watakusanyika kuitazama, watauliza jina lake na bei yake, na hakuna atakayeuliza kuhusu mstari wa kalibu uliochimbwa na kujazwa, wala kuhusu kona ya mlango iliyopashwa joto, wala weusi uliofutwa na kutandazwa upya. Shelby aliweza kuwadanganya waandishi kwa rangi kuhusu idadi ya magari yake. Kuhusu umbo la bodi hakuna aliyewahi kudanganya kwa rangi, kwa kuwa kadiri inavyong'aa ndivyo inavyotangaza kilicho chini yake.

Hili halihitaji Cobra wala Massachusetts. Puti ni ileile, msasa una namba zilezile, na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kirinyaga Road, Nairobi, wanayajua haya kwa mikono yao, wakipewa muda wa kuyatenda. Mara nyingi hatuwapi. Tunalipia rangi na kudai gari Ijumaa. Basi safari ijayo ukimpelekea fundi gari lako, naye akakwambia litakaa wiki tatu, usianze kwa kumbembeleza apunguze. Muulize wiki hizo anazigawaje. Akikujibu kwamba siku mbili ni za rangi na zilizobaki zote ni za msasa, mwachie ufunguo, umlipe anachotaka, na umnunulie barakoa.